Mwanamke wa Bangoni

Katika mji ule mwaka mpya hauingii mpaka bango libadilishwe. Watu hulala katika mwaka mmoja wakaamka katika mwingine, au hukaa ndani ya mwaka mmoja mpaka watoto wao wakaota ndevu humohumo, kwa kuwa kalenda zilitupwa kitambo na kinachohesabika ni picha moja tu, ya mwanamke wa bangoni. Amesimama juu ya uwanja, mkubwa kuliko nyumba zote. Shavu lake limeufunika mnara wa saa, ndiyo maana ukiuliza ni saa ngapi utaonekana mshamba. Mkononi ameshika kopo la krimu, na chini ya miguu yake pameandikwa neno moja, MWANAMKE, likafuatiwa na nukta. Aliyeandika alikuwa na nafasi ya kutosha kuendelea, lakini aliona hapo pamekwisha.

Vioo hakuna. Inasemekana zamani kila nyumba ilikuwa na chake, lakini vilileta ubishi, kwani bango lilisema hivi na kioo kikasema vile, na mji hauwezi kuwa na wasemaji wawili. Vikakusanywa kwa mikokoteni, vikapelekwa kusikojulikana. Tangu hapo mwanamke akitaka kujua anafananaje hutoka nje, huinua shingo akalitazama bango, kisha hujipapasa uso kwa vidole akitafuta palipozidi na palipopungua. Asubuhi uwanja mzima hujaa wanawake wanaojipapasa. Mgeni atadhani wamevamiwa na nyuki. Cheka ukitaka, nami nilicheka mara ya kwanza, halafu nikaona nyuso zao baada ya kupapasa na kicheko kikaniishia kooni.

Nyuma kabisa ya uwanja, pale ukuta unapotoa kivuli, husimama Sikudhani. Alipozaliwa waliomzaa walitazama walichotazama, wakasema ni mtoto wa kiume, wakampa jina la kiume. Jina hilo silitaji, limeshazikwa na mimi si mfukua makaburi. Yeye alijijua kuwa mwanamke tangu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake, akalinyamazia jambo hilo kwa miaka ambayo ukiihesabu kwa mabango ni mingi mno. Siku aliyolisema, mama yake, Bi Tamima, lilimtoka neno moja: sikudhani. Mtoto akalichukua neno hilo likawa jina lake. Alikuwa amengoja maisha yake yote mama ampe jina, na hilo ndilo alilopewa.

Sasa alikuwa mtu mzima, mrefu, fundi cherehani, mwenye mikono isiyotetemeka. Aliwashonea maharusi wa mji mzima bila kuwaona. Vipimo vyao aliletewa mlangoni kwa uzi uliofungwa mafundo, fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la mkono. Gauni likiisha lilichukuliwa, naye alibaki na uzi. Katika chumba cha bibi harusi hakuwahi kukanyaga, ingawa alijua upana wa kila kiuno kilichopita humo.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri, kwa maana ndilo linalomla. Mwanamke mwingine akijipapasa akakuta pua imezidi, bango humwambia: wewe mbaya, nunua krimu. Ni tusi, nakubali, na wapo waliolia nalo mpaka wakaharibika macho. Lakini ni tusi la mtu aliyepo. Huwezi kumwita mbaya asiyekuwepo. Sikudhani akijipapasa akakuta taya limezidi, haambiwi kwamba ni mwanamke mbaya. Huambiwa, unaona sasa? Kila kilichozidi na kila kilichopungua kinageuka kuwa shahidi dhidi yake. Kwa wenzake bango lilikuwa duka. Kwake lilikuwa mahakama, na kesi ilisikilizwa kila asubuhi, na kila asubuhi alishindwa.

Taya. Hili taya, nani aliniwekea? Mabega, shukeni. Shukeni kidogo tu, hakuna anayewadai kitu. Koo, tulia, usipande unapomeza, wanatazama. Mikono, ingieni ndani ya kanga. Miguu, pungueni. Nimewaomba kwa adabu. Nimewaomba kwa machozi. Mbona kila kiungo changu kinanikana mbele za watu?

Hivyo ndivyo alivyozungumza na mwili wake pale ukutani. Mwili, kama ilivyo kawaida ya miili, haukujibu.

Siku moja Mwanakombo alikuja kumwona. Huyu alikuwa binti wa kaka yake, na kaka mwenyewe alikuwa amefariki. Alimkuta Sikudhani amekaa kwenye cherehani yake, akamwamkia shikamoo shangazi, akaitikiwa marahaba. Msichana akavuta kigoda na kukaa huku akizungushazungusha ncha ya ushungi wake. Alieleza kwamba ameposwa, kwamba Alhamisi ataingizwa chumbani kusuguliwa singo, na kwamba amekuja kwa sababu ya desturi.

Desturi yenyewe ni hii. Bibi harusi wa mji ule hutolewa kwao na shangazi yake. Shangazi humkalisha kwenye mkeka mbele ya wanawake wa pande zote mbili na kumsugua mwili kwa singo, ule mseto wa liwa, manjano, karafuu na maua ya waridi uliosagwa ukabaki na chengachenga. Kabla ya kumgusa bibi harusi shangazi hujisugua kwanza mkono wake mwenyewe mbele ya wote, ili ionekane kwamba kitakachompata mwali amekipata yeye kwanza. Huko huitwa kuonja singo. Bibi harusi asiye na shangazi husuguliwa na mwanamke wa upande wa bwana, na bibi harusi huyo huingia ndoani akiwa mtu asiye na kwao. Akifukuzwa na mumewe baadaye hana mlango wa kubisha.

"Baba hakuwa na dada mwingine," Mwanakombo alisema. "Ni wewe tu."

"Wameniona lakini? Huko kwa bwana, wanajua mimi ni nani?"

"Wameambiwa shangazi yangu anakuja."

"Sikukuuliza wameambiwa nini."

Msichana aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba Bi Salme, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba hatakubali singo ishikwe na mwanamume aliyejifunga kanga, na kwamba kama shangazi huyo akitokea, wanawake watamtazama, na wakiona si mwanamke watamtoa nje na Bi Salme atalishika bakuli mwenyewe. Sikudhani akamuuliza kuhusu Bi Tamima. Mwanakombo alisema bibi hakutia neno.

"Njoo, shangazi," alisema. "Usiponitoa wewe sitakuwa nimetoka kwa mtu."

Sikudhani alisema atakuja. Alilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, akamsindikiza mtoto mpaka barabarani, akarudi ndani akakaa sakafuni, hofu imemjaa mpaka kwenye vidole. Watamtazama. Watamtazama kwa macho gani, kama si kwa yale yaliyofundishwa na bango? Ukishamtazama yule kila siku unapofungua dirisha, ukimtazama mtu unamtazama yule kwanza, kisha unamtazama huyu, kisha unatoa, kama katika hesabu. Kinachobaki ndicho unachokiita kasoro. Na yeye Alhamisi angesimama mbele ya chumba kizima cha watu wanaotoa.

Akaenda Nyumba ya Sura. Hiyo ni nyumba nyeupe iliyo nyuma ya bango, kwenye kisogo chake hasa, ambapo krimu hupikwa na wanawake hufananishwa. Milango yake ni mingi na yote ni ya kutokea. Ya kuingilia hakuna, pana dirisha dogo, na ndani ya dirisha mwanamke aliyekwisha kufananishwa mpaka huwezi kukumbuka umemwona punde utakapogeuka. Sikudhani alimsalimu. Alisema anataka kufanana.

"Tunang'arisha wanawake," alisema mwanamke wa dirishani. "Hatutengenezi. Lete uthibitisho kwamba wewe mwanamke."

"Uthibitisho gani?"

Mwanamke alinyoosha kidole juu, kwenye kisogo kikubwa cha bango, ambacho kwa upande ule kilikuwa mbao na misumari. "Ukifanana naye umethibitisha."

"Ningefanana naye, dada yangu, ningekuja kwako kufanya nini?"

Mwanamke wa dirishani alifikiri. Alionekana mtu mwema, na swali lilimgusa kweli. Alisema wengi wameuliza hivyo, na kwamba ni swali zuri, kisha akalifunga dirisha polepole ili lisimbane mtu vidole.

Kuna ukatili wa mtu anayekupiga kofi, huo unaufahamu, unaweza hata kumrudishia. Kuna na huu mwingine wa dirisha linalofungwa kwa adabu. Sikudhani alisimama pale akitazama mbao na misumari. Aliona kwamba upande wa nyuma mwanamke yule hakuwa na kitu, hakuwa na mgongo, wala nywele, wala mifupa. Alikuwa rangi iliyobandikwa upande mmoja. Jambo hilo lingeweza kumfariji mtu mwingine. Yeye lilimwongezea uchungu, kwani alijiona ameshindwa na mbao, na mbao ziliitwa mwanamke bila kuombwa uthibitisho na mtu.

Njiani alinunua mkorogo kwa mchuuzi. Haukuwa krimu ya kopo ya Nyumba ya Sura. Ulikuwa ule unaochanganywa na kila aliyekataliwa, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni, unanuka dawa ya chooni na waridi. Alijua unavyofanya. Unaichubua ngozi tabaka kwa tabaka mpaka itokee iliyo chini, nyororo, nyekundu, inayong'aa kwa jinsi inavyoteseka. Bango lilikuwa linang'aa. Kama hawezi kulibadilisha taya, basi angeng'aa, na labda mng'ao ungewapofusha wasilione taya.

Alijipaka. Kati ya kuchota kidole cha kwanza na kukipaka, bango likabadilishwa na mwaka ukaingia. Mwanamke mpya alikuwa na shingo ndefu zaidi na ngozi nyeupe zaidi, kwa hiyo akaongeza. Alipofika kwenye viwiko ukaingia mwaka mwingine. Alijipaka uso, shingo, mikono mpaka mabegani, miaka ikipita nje ya dirisha, shangwe na fataki, heri ya mwaka mpya, heri ya mwaka mpya, naye hakuinua kichwa. Kulikuwa na wakati alidhani amezeeka. Kulikuwa na wakati alijisikia mtoto aliyesimama mbele ya kabati la mama yake ameshika poda, anasikiliza kama kuna miguu inayokuja. Hakuwa na uhakika ni nani kati ya hao aliyekuwa anapaka na ni nani aliyekuwa anapakwa. Ngozi iliwaka. Aliuma kitambaa cha gauni la mtu ili asipige kelele, akaendelea.

Waka. Waka, ngozi. Ungua utoke, aje yule mwingine. Au hakuna mwingine? Ikiwa nitachubuka mpaka mwisho na nisimkute mtu? Ikiwa chini kabisa kuna mbao na misumari? Mama, ukisema neno moja tu nitaacha. Neno lolote. Sikudhani umelisema tayari, tafuta lingine.

Miaka yote hiyo ilipokwisha ilikuwa bado haijafika Alhamisi. Ilipofika alivaa gauni alilojishonea kwa vipimo vyake mwenyewe, akajitanda kanga, akaenda.

Chumba kilikuwa kimejaa udi na joto la wanawake. Walikaa wameegemea kuta zote nne, upande wa bwana huku, upande wa bibi kule, na katikati mkeka, na juu ya mkeka Mwanakombo amefunikwa kanga kichwa na mwili, hata kidole hakionekani. Mbele yake bakuli la singo, la manjano, zito, limekwisha kuchanganywa na marashi. Bi Tamima alikaa pembeni karibu na chetezo. Alimwona mtoto wake akiingia, akayarudisha macho kwenye moshi.

Mazungumzo yakakatika. Sikudhani alibaki mlangoni, na alichokiogopa kikamfika, kwa kuwa nyuso zote ziligeuka na zote zikafanya ile hesabu ya kutoa. Aliisikia ikipita juu yake, paji la uso, taya, koo, mabega, viganja.

Bi Salme alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza watu. Hakuinuka.

"Tumeambiwa shangazi yuko njiani," alisema. "Huyu aliyesimama ni nani?"

Ulikuwa wakati wa Bi Tamima kusema. Kila mtu alijua kuwa ni wakati wake, hata udi ulitulia. Hakusema. Kutoka chini ya kanga Mwanakombo akasema, kwa sauti nyembamba lakini ya kusikika, kwamba huyo ndiye shangazi yake na kwao hakuna mwingine.

"Basi aonje," alisema Bi Salme.

Sikudhani alipiga magoti mbele ya bakuli. Akakunja mkono wa gauni, na ngozi aliyoing'arisha kwa miaka yote ile ikatoka hadharani, nyororo kupita kiasi, nyekundu, imekonda hata mishipa ilionekana ikipitisha damu. Akayatazama manjano, karafuu na chengachenga za liwa. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Singo ni dawa kwa ngozi nzima. Kwa ngozi iliyochubuliwa ni pilipili na msasa.

Angeweza kukataa. Lakini shangazi asiyeonja si shangazi, angetolewa nje, bakuli lingeshikwa na Bi Salme, Mwanakombo angetoka kwao akiwa hana kwao, na yeye Sikudhani angekuwa ameambiwa kwa mara ya mwisho kwamba hayupo. Wakati uliganda pale kati ya bakuli na mkono. Nje pengine bango lilibadilishwa, pengine halikubadilishwa. Kwa nini, alijiuliza, kila nilipotaka kuingia nimeombwa ngozi? Na kwa nini nimeitoa kila mara bila kuuliza inakwenda wapi? Alichota singo kiganja kizima, akaiweka mkononi, akasugua.

Alisugua kweli. Alisugua jinsi alivyodhani wanawake wanavyosugua, kwa nguvu, kutoka kiwiko mpaka kifundoni na kurudi. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Hakuacha. Ngozi ilianza kujikunja mbele ya kiganja chake, manjano yakageuka rangi ya machungwa, kisha nyekundu, na matone yakaanguka kwenye mkeka karibu na goti la mwali. Hakuacha. Aliamini kwamba kuna kiwango, kwamba pana mahali fulani ambapo wangesema imetosha, na kwamba wenzake wote walikwishafika hapo kabla yake bila kulalamika. Alikuwa akilia kwa macho wazi, bila sauti, na mkono uliendelea.

Akashikwa kifundo cha mkono.

"Inatosha, mwanangu," alisema Bi Tamima. Alikuwa amepiga magoti kando yake, chetezo kimeachwa, pumzi zinampaa. "Nani alikuambia usugue?"

"Shangazi huonja, mama."

"Hugusa. Hugusa kwa ncha ya kidole, watu wakapiga vigelegele haraka, basi. Hakuna anayesugua. Hakuna aliyesugua tangu mimi mwali."

Sikudhani hakuelewa. Alikuwa amewashonea wanawake hawa maisha yake yote kwa mafundo ya uzi, na hilo halikuwa kwenye mafundo. Ni mtu aliyewahi kukaa ndani tu angejua kwamba desturi ilikwishabaki ganda, na yeye aliiheshimu mzima mzima kwa sababu aliitazama kutoka nje. Aliuliza kwa nini hawasugui. Bi Tamima alivua kanga ya begani, akakunja mkono wa gauni lake hadi juu, jambo ambalo Sikudhani hakuwahi kumwona akilifanya hata wakati wa joto kali, hata alipokuwa akifua.

Mkono wa mama ulikuwa ramani ya madoa, pengine peupe, pengine peusi, pengine pamekunjamana pakapona vibaya na kukunjamana tena. Ulikuwa mkono wa mtu aliyejichubua tangu mabango yalipokuwa bado yanachorwa kwa brashi.

"Ningekuambia nini?" alisema. "Ulikuja kuniambia wewe mwanamke, na mimi nikawaza, Mungu wangu, na huyu naye. Nilidhani angalau wewe umesalimika."

Kisha mwanamke mmoja wa upande wa bwana, aliyekaa karibu na dirisha, akakunja mkono wake wa gauni. Jirani yake naye akakunja. Ilizunguka chumba taratibu, kuta zote nne, mikono ikitoka kwenye nguo, yenye mabaka, yenye makovu, yenye vifundo vya vidole vilivyogoma kung'aa vikabaki vyeusi huku kwingine kote kumepauka. Walikuwa wamekaa pamoja miaka na hawakuwahi kuonyeshana. Bi Salme alikuwa wa mwisho. Alitazama huku na huku, akaona hana pa kutazama, akaivua bangili pana aliyoivaa hata msikitini, na chini yake palikuwa na kidonda kibichi.

"Sisi tukikosa sura tunaambiwa wabaya," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuongoza mtu. Alikuwa anautazama mkono wa Sikudhani. "Wewe wanakuambiaje?"

"Kwamba sipo."

Bi Salme akasogea kwenye ukuta, akawaambia walio karibu naye wabanane.

"Mpisheni shangazi mtu akae," alisema.

Walimpisha. Sikudhani alikaa kwenye nafasi ile, mahali penye joto la mwili wa mtu mwingine, bega lake pana limegusana na mabega huku na huku, na mtu mmoja akamfunga mkono kwa kipande cha kanga. Amekubaliwa. Kitu alichokililia ukutani kila asubuhi alikuwa amekipata, na alilia tena, nao walidhani ni kwa ajili ya kidonda. Alilia kwa sababu alikuwa amefika, na huku ndiko alikofika. Hakukuwa na nyumba ya wanawake wazima mahali fulani ambayo yeye pekee alifungiwa nje. Wote walikuwa wanajipapasa gizani, na aliyekuwa amewatengenezea giza hilo hakuwa na hata mgongo. Aliwaonea huruma mpaka ikamuuma kuliko mkono. Alijionea huruma pia, kwa mara ya kwanza, na hakujua aifanyie nini.

Mwanakombo alikuwa bado kwenye mkeka. Kanga ikateleza kichwani na mabegani mwake. Uso aliokuwa nao chini ya kanga ulikuwa umeng'arishwa mpaka hapakuwa na pa kushika, na mabega yake yalikuwa mekundu, yanatoa maji. Kumbe kabla hajakwenda kumwomba shangazi yake alikuwa amekwishaanza kupaka. Bi Tamima aliuona mgongo wa mjukuu wake, akafunika mdomo kwa mkono ule wenye madoa.

Singo ilikuwa pale bakulini imechanganyika na damu. Hapakuwa na mwanamke katika chumba kile aliyeweza kuisugua wala wa kusuguliwa.

"Nitatolewa na nini sasa, shangazi?" aliuliza Mwanakombo.

Wote walimgeukia Sikudhani, kwa sababu swali lilikuwa la shangazi na shangazi alikuwa yeye. Hakuna aliyemtazama taya. Alisubiri mtu mwingine ajibu, kwa mazoea.

"Leteni maji," alisema.

Yakaletwa kwenye beseni. Akatoka kwenye nafasi yake ukutani, akaenda kukaa kwenye mkeka ana kwa ana na msichana, akaingiza ndani ya maji mkono wake ule ambao haukufungwa kanga.

"Maji nayo yatauma," alisema Mwanakombo.

"Yatauma," alisema Sikudhani. "Nitakuwa nimekushika."

Akamshika. Tone la kwanza lilipogusa bega Mwanakombo alipiga kelele, na chumbani hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele cha kuifunika.